Shogi kwa Redio, Kituo cha Malili

Kuna jambo linalosemwa Matiliku hadi leo, na limesemwa mbele yangu kwenye matanga na kwenye harusi, kwamba mimi niliikosa safari ya Japani kwa sababu sikujua kucheza. Si kweli. Nilijua kucheza. Aliyekwenda Japani nilimshinda, naye alikiri kushindwa mara tatu kwa sauti yake mwenyewe, vituo vyote vinne vikisikiliza. Wengi waliosikia wamekwisha kufa, na waliobaki wanakumbuka yale tu yanayochekesha. Kwa hiyo nitayaandika mambo kama yalivyokuwa, kwa utaratibu wake.

Nilikuwa mtumishi wa idara ya maji. Katika miaka ya themanini, baada ya kuhamishwa huku na huku, niliazimwa kwa mradi wa Wajapani waliokuwa wakichimba visima na kujenga mabwawa ya mchanga kutoka Kitui hadi Kibwezi. Wilaya ya Makueni ilikuwa haijazaliwa. Malili, Matiliku na Kibwezi zote zilihesabiwa Machakos, na wanaoandika leo kwamba ulikuwa mradi wa Kitui na Makueni wanakosea, ingawa najua hakuna atakayewasahihisha.

Mradi ulikuwa na vituo vinne. Makao makuu yalikuwa Kitui, na huko alikaa Mkuu wa mradi, Mjapani mwembamba aliyekunywa maji ya moto matupu na hakuinua sauti hata siku moja. Matiliku alikuwapo mchimbaji mzee, Mjapani pia, mtu wa mikono mipana aliyekaa Ukambani muda mrefu kiasi cha kuwatania akina mama wa sokoni kwa Kikamba. Kibwezi alikuwapo shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mdogo kwangu kwa umri na kwa daraja la kazi. Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, nilikuwapo mimi kama msimamizi wa kituo.

Vituo hivyo viliunganishwa kwa redio ya mawasiliano. Kila jioni, jua likianza kupoa, Kitui iliita vituo kimoja kimoja, nasi tukasoma taarifa: mvua, dizeli, kina cha kisima. Masafa yalikuwa mamoja, kwa hiyo lolote alilosema mmoja lilisikika kwa wote, na kwa yeyote aliyeketi karibu. Matiliku mchimbaji mzee aliiweka redio yake barazani, na siku za soko watu walikuja kukaa hapo kama wanaokwenda kusikiliza kesi. Aliyemaliza kusema alitamka "ova", ili mwenzake aanze. Aliyetaka kujibu bila kusema alibonyeza kitufe cha kipaza sauti mara mbili, na redio za wote zikatoa mlio mkavu: tk, tk. Maana yake ilikuwa "nimesikia". Lakini watu wa redio walikuwa wameugeuza mlio ule kuwa kicheko, kwa sababu taratibu hazikuruhusu kucheka hewani.

Taarifa zikiisha, Wajapani hawakuzima. Walicheza shogi.

Nieleze shogi ni nini, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Ni mchezo wa ubao, wa vita, mfalme dhidi ya mfalme. Vipande vyake ni vibao vidogo vyenye ncha, vyote rangi moja, vimeandikwa kwa herufi za Kijapani. Huwezi kujua kipande ni cha nani kwa kukitazama sura. Unatazama ncha yake inaelekea wapi. Kila kituo kilikuwa na ubao wake. Anayecheza alitaja namba za mraba hewani, kwa Kijapani, na mwenzake aliye mbali akakisogeza kipande hicho kwenye ubao wa kwake. Hivyo watu wanne ambao hawakuonana kwa miezi mingi walipigana kila jioni, wawili wawili kwa zamu, na wasiocheza walifuata vita vyote kwa masikio.

Kibwezi na Malili kulikuwa na mafundi vijana wa Kijapani waliocheza. Wa Kibwezi alimaliza mkataba akarudi kwao, na shemeji yangu, aliyekuwa akiketi naye kila jioni, akarithi ubao. Wa Malili alishikwa na malaria mbaya, akapelekwa Nairobi, na hakurudi. Ubao wake ulibaki mezani kwangu, vumbi likaanza kukaa juu ya vipande.

Wakati huohuo ulikuja waraka. Ulisema kwamba mtumishi mmoja wa Kenya angepelekwa Japani kusomea ujenzi wa mabwawa, na kwamba Mkuu wa mradi ndiye angependekeza jina, kwa kuzingatia kazi ya mtumishi na uwezo wake wa kujifunza mambo mapya. Niliusoma waraka huo kwa makini, kama nilivyosoma nyaraka zote. Katika vituo vinne hakuna Mkenya aliyenizidi daraja. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaandalia wengine safari: nimewaandikia hati, nimewapeleka uwanja wa ndege kwa gari la serikali, nimewapokea wakirudi na masanduku mazito. Safari hiyo niliitaka. Sioni haya kusema niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine kazini.

Jioni moja, baada ya taarifa, Mkuu akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole: "Malili. Nani atacheza? Ova."

Nilifikiri haraka. Mkuu alikuwa Kitui, mimi Malili. Alinijua kwa taarifa za dizeli tu. Kama kulikuwa na mahali ambapo angeuona uwezo wangu wa kujifunza, mahali penyewe palikuwa pale mezani. Nikabonyeza kitufe. "Msimamizi wa Malili atacheza. Ova."

Tk, tk, ikasema redio. Tk, tk. Tk, tk.

*

Kosa langu la kwanza, kama ni kosa mtu kutegemea kile kilichomfikisha alipo, lilikuwa kudhani kwamba Kiingereza kingenisaidia. Nilikuwa nimesoma Kiingereza shuleni kwa fimbo. Nilikuwa nimeandika taarifa ambazo wakuu wa wilaya walitia saini bila kugusa hata nukta. Katika serikali niliyoitumikia, hapakuwa na mlango ambao Kiingereza kilichonyooka hakikuufungua. Fundi aliyeugua alikuwa ameacha kijitabu cha sheria za mchezo, chote Kijapani, juu hadi chini. Basi nikafanya ambalo mtumishi yeyote mwenye adabu ya kazi angelifanya: nikaandika barua rasmi kwenda Kitui, kuomba nakala ya sheria hizo kwa Kiingereza.

Jibu lilikuja kwa redio, baada ya taarifa, kila mtu akisikiliza.

"Malili. Barua yako nimepata. Kitabu cha Kiingereza hakuna. Cheza. Ova."

Kabla sijajibu, mchimbaji mzee aliingia kutoka Matiliku. "Karani, huyu farasi wa shogi hajui Kiingereza. Mimi pia sijui. Tuko wawili. Ova."

Nyuma yake nilisikia baraza zima likicheka. Ilikuwa siku ya soko.

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba cheo changu ni msimamizi na si karani. Akasema sawa, karani. Jina hilo sikulivua tena.

Nilijifundisha. Nilibandika karatasi ndogo nyuma ya kila kipande nikaandika kwa Kiingereza: mfalme, dhahabu, fedha, farasi, askari. Nilikariri namba za Kijapani kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani nimeuelewa mchezo, kwa sababu drafti nilikuwa nikiicheza tangu ujana, ile ya vizibo vya soda juu ya kadibodi, na katika soko la Malili hapakuwa na dereva wa lori wala mwenye duka aliyeketi mbele yangu akaondoka akitabasamu. Anayeijua drafti yetu anajua sheria yake kuu: kula ni lazima. Ukipewa cha kula ukaacha, kipande chako kinaondolewa ubaoni, na watu wanakucheka. Mikono yetu imelelewa hivyo. Ikiona cha kula haiulizi.

Mchezo wangu wa kwanza wa hewani nilipangiwa Kibwezi.

Hapa lazima niseme neno juu ya ushemeji. Kwa Wakamba, muthoni, yaani mkwe au shemeji, si mtu wa kufanyiwa mzaha hadharani. Unaweza kumchukia, watu huwachukia wakwe zao kila siku, lakini humuaibishi mbele za watu. Ukimwaibisha, mbuzi wa faini anatafutwa. Shemeji yangu alilijua hilo vizuri kuliko mimi, maana baba yake ndiye aliyekuwa akiitwa kuamua mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo alinichinja kwa heshima.

"Shikamoo, shemeji. Nashukuru kupata nafasi hii ya kucheza na mkubwa wangu. Ova."

Akasukuma askari wake mbele ya askari wangu. Nikamla. Akasukuma mwingine. Nikamla.

"Karibu, shemeji. Chakula ni chako. Ova."

Akaniachia farasi. Nikamla farasi. Nilikuwa nimevipanga vipande vyake vilivyokufa kando ya ubao, vimelala safi, na nilianza kumhurumia. Ndipo akataja namba za mraba uliokuwa mtupu, nyuma ya askari wangu, karibu na mfalme wangu, na kusema anaweka askari hapo.

Nikabonyeza kitufe. "Kibwezi, rudia. Mraba huo hauna kitu. Huyo askari ametoka wapi? Ova."

"Ni wako, shemeji. Nilimla mwanzoni. Sasa ni wangu. Ova."

"Kipande kilicholiwa kimekufa. Ova."

"Hapa hakuna anayekufa, shemeji. Wewe ni mtu wa serikali, utaelewa upesi. Hapa mtu anahamishwa tu. Ova."

Tk, tk. Tk, tk. Tk, tk, tk, tk.

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo sheria ya shogi, na hapakuwa na mtu aliyeniambia: kipande ulichokula ni chako, unakigeuza ncha, unakirudisha uwanjani kokote upendapo, na kinampiga bwana wake wa jana. Mimi pia ningeweza kuvirudisha vyangu. Vilikuwa vimelala kando vingi kuliko vyake, na sikujua kwamba ni jeshi. Kabla chai yangu haijapoa, mfalme wangu alikuwa amezungukwa na watu wangu mwenyewe.

"Mfalme hana pa kwenda, shemeji. Kula ulikula vizuri, lakini. Ova."

*

Sitaki watu wafikiri kwamba aibu ya redio ilibaki kwenye redio. Asubuhi iliyofuata mama aliyeuza uji kwenye kituo cha malori aliniuliza, "Msimamizi, umekula?" Hilo ni swali la adabu, linaulizwa kila siku. Lakini aliuliza na wenzake wakageuza nyuso. Fundi wa baiskeli akauliza vilevile. Wasichana waliokuja kuteka maji kwenye bomba la mradi wakaniuliza, wameshikana mikono. Kwa miezi mingi sikuweza kupita Malili bila kuulizwa kama nimekula, nami niliwajibu wote, "Ndiyo, ahsante," kwa sababu hapakuwa na jibu jingine ambalo lisingewafurahisha zaidi.

Nilikwenda Matiliku kumwona baba mkwe. Sikutaka mbuzi, nilitaka amwonye mwanawe. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anapukuchua mahindi. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mjukuu mmoja mmoja. Kisha nikamweleza.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa pale barazani kwa Mjapani."

"Basi mzee umesikia namna alivyonisemesha."

"Alikutukana?"

"Hapana, mzee."

"Alikuita jina baya?"

"Aliniita shemeji."

"Sasa nimwonye kwa kukuita shemeji?" Akaendelea kupukuchua. "Mimi binti yangu nilimpa mtu wa serikali. Watu walinisifu. Sikujua serikali inalika upesi namna ile."

Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, kwa maana adabu haikumruhusu kuonana nami ana kwa ana. Nilimsikia akicheka. Alijizuia kwa kikohozi, lakini nilimsikia.

Nilikuwa nimeamua kuacha. Nilikwisha kuvifungasha vipande kwenye mfuko wake wa kitambaa. Kilichonirudisha ni safari. Jina lilikuwa bado halijatangazwa, na kuacha kungekuwa jibu tosha kwa swali la uwezo wangu wa kujifunza. Nikamwomba mchimbaji mzee anifundishe.

Alikubali kwa sharti moja. Kwa desturi yao, mkubwa akimfundisha mdogo hujipunguzia vipande: huondoa vipande vyake vizito kabla ya kuanza, ili mdogo apate pumzi. Sharti lake lilikuwa kwamba kupunguziwa kwangu kutangazwe hewani kila mchezo, kama desturi inavyotaka. Nilikataa. Nilikuwa mtu wa daraja langu, nami sikuwahi kuomba kupunguziwa kitu na mtu. Nikacheza naye sawa kwa sawa, nikaliwa kila jioni, kwa muda mrefu kuliko ninaopenda kutaja. Hakunisaidia hata kwa neno. Mwishoni mwa kila mchezo alisema tu, "Tena kesho, karani. Ova," kwa sauti ya mtu anayefunga zizi.

Hatimaye nilikubali. "Matiliku inampunguzia Malili gari na mshale," alitangaza, na kila jioni baada ya hapo alirudia, nami nilikaa nikisikiliza milio ya vitufe. Gari ni kipande kiendacho moja kwa moja, mshale ni kile kiendacho mshazari. Bila hivyo jeshi lake lilikuwa la wazee watupu. Na bado alinishinda. Alinifundisha kwa ukatili wa aina ambayo sijaiona tena. Nikila ambacho sikupaswa kula, alinyamaza mpaka nisikie mlio wa redio tupu, kisha akasema, "Rudisha vyote. Mwanzo." Siku nyingine hatukuvuka hatua ya kumi. Baraza la Matiliku lilijifunza pamoja nami, na nikinyoosha mkono vibaya nilisikia watu nyuma yake wakiguna kabla yeye hajasema kitu.

Mkono ulikuwa ndio adui. Niliufunga. Sisemi kwa mfano: niliufunga mkono wa kulia kwa leso kwenye kiti, nikacheza kwa wa kushoto, ili kati ya kuona na kula pawe na nafasi ya kufikiri. Baada ya hapo nilianza kuelewa. Niliacha vipande vinono vikinitazama. Nilivihifadhi nilivyokamata, nikavirudisha vilipohitajika, ncha ikielekea kule vilikotoka. Nilibandua zile karatasi za Kiingereza, kwa sababu nilikuwa sizitazami tena. Mchimbaji mzee akanipunguzia mshale pekee, kisha akaacha kunipunguzia, na jioni moja akasema, "Karani, leo nimechoka kidogo," jambo ambalo kwa mtu yule lilikuwa nishani.

Mkuu alikuwa akisikiliza yote. Jioni hiyo naye alisema neno moja. "Vizuri. Ova."

Nililala nalo neno hilo.

*

Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana na mabwawa yalikuwa makavu tulipoanza mchezo wa mwisho. Mkuu alitangaza kwamba Malili na Kibwezi watacheza Jumamosi, na kwamba baada ya mchezo atakuwa na tangazo. Niliuona mpango wazi: mimi na shemeji, wagombea wawili, na jina baada yake. Nilivaa tai. Najua redio haina macho. Nilivaa tai.

"Shikamoo, shemeji. Leo umekula? Ova."

"Bado," nikamjibu. "Leo sina haraka. Ova."

Akanipa askari, kama siku ile. Nikamwacha. Akanipa farasi. Nikamwacha asimame pale katikati, peke yake, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kuketi. Sasa alilazimika kuleta watu wengine kumlinda farasi huyo, na kila aliyemleta aliacha pengo nyuma yake, nami nikapitisha gari langu kwenye pengo. Nilipoanza kula nilikula kwa mpango, na kila nilichokula nilikigeuza. Mfalme wake alikimbilia pembeni. Nikamrudishia askari wake mwenyewe mlangoni.

Desturi yao ni kwamba anayeona amekwisha hangoji mfalme akamatwe. Anainamisha kichwa na kusema kwa Kijapani kwamba ameshindwa. Shemeji akalisema neno hilo, chini chini.

Nikabonyeza kitufe. "Kibwezi, redio yako inakwaruza. Rudia. Ova."

Akarudia.

"Bado sikusikia vizuri, shemeji. Sema kwa Kiswahili, ili na wazee walioko Matiliku wasikie. Ova."

Hakuna aliyebonyeza kitufe. Nilijua baba yake yuko barazani. Nilijua anapukuchua kitu. Hilo lilinipendeza na sitajifanya kwamba halikunipendeza. Nilikuwa nimeulizwa kama nimekula kwa muda wa kutosha.

"Nimeshindwa, shemeji," akasema, wazi kabisa, bila kukwaruza. "Umejifunza vizuri. Nami nitakuletea zawadi kutoka Japani. Ova."

Kwanza nilidhani ni mzaha. Ikaja milio. Tk, tk, kutoka Matiliku. Tk, tk, kutoka kwa mtu wa redio wa Kitui. Haikuwa mingi kama zamani. Ilikuwa ya watu wanaoficha macho.

"Kitui, Malili hapa," nikasema. "Naomba ufafanuzi. Ova."

Mkuu akajibu. "Malili. Jina nilipeleka Nairobi mwaka jana. Kabla wewe huchezi. Masomo ni ya watu chini ya umri fulani. Wewe umepita. Tangazo la leo ni tarehe ya ndege tu. Ova."

"Waraka haukutaja umri. Ova."

"Ndiyo. Waraka haukutaja. Ova."

Niliuliza swali moja tu zaidi, na nikaliuliza kwa Kiingereza, kwa sababu wakati huo Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Niliuliza kwa nini basi aliniacha nicheze. Alinijibu kwa Kiswahili.

"Fundi wa Malili aliondoka. Tulihitaji mchezaji wa nne. Ova."

Nikazima redio bila kufunga mazungumzo kwa utaratibu. Ni mara pekee katika utumishi wangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa akichambua pojo. Nikamwuliza kama alijua. Hakuinua kichwa.

"Mama alikuwa amenionyesha sweta aliyomfumia. Wanasema kule kuna baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unapunguziwa."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia, ungerudi jioni ukae hapa unitazame nikichambua pojo," akasema. "Afadhali ulikuwa na watu wa kukupiga."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wote walijua: Mkuu aliyesema "vizuri", mchimbaji mzee aliyenirudisha mwanzo kila jioni, mzee kwenye kigoda, mama mkwe nyuma ya ukuta, na huyo aliyelala kitandani pangu. Sikushindwa mchezo. Sikuikosa safari kwa ajili ya mchezo. Mchezo na safari havikuwahi kuwa kitu kimoja, isipokuwa kichwani mwangu, na hakuna hata mmoja aliyeona ni wajibu wake kunitoa huko.

Shemeji alipoondoka, kituo cha Kibwezi kikabaki wazi, na barua ya uhamisho ikaja. Nilihamishwa kwenda Kibwezi kukalia kiti chake. Nilikuta ubao wake mezani, vipande vimepangwa kwa ajili ya kuanza. Jioni ya kwanza Mkuu akaita, "Kibwezi. Nani atacheza? Ova." Nikasoma mvua: hakuna. Nikasoma dizeli, na kina cha kisima. Nikafunga mazungumzo kwa utaratibu.

Shemeji alirudi mnene kidogo, na akawekwa juu yangu, kama ilivyotarajiwa. Alikuja Kibwezi amevaa ile sweta, kwenye jua lile, ili niione. Hakuwa amesahau ahadi yake. Alinipa zawadi kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama wanavyofanya huko, mbele ya madereva na mafundi wote. Nikaifungua, maana ingekuwa utovu wa adabu kutoifungua. Kilikuwa kijitabu cha sheria za shogi, kwa Kiingereza.

"Nilikitafuta sana, shemeji," akasema. "Sasa unaweza kuanza."